Herufi za Kengeja ndani ya neno moja la Kiingereza: Maneno marefu husakwa hivi

Kengeja ni jina la herufi saba: K, E, N, G, E, J na A. Kijiji chenyewe kiko Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, na wengi wanakijua kwa skuli yake ya sekondari ya ufundi. Sasa swali la barazani: lipo neno refu la Kiingereza lenye herufi zote hizo ndani yake?

Lipo. Tena si moja. "Jacketing" lina herufi 9, "bluejacking" lina 11, "jailbreaking" lina 12, na "straitjacketing" linafika 15. Yote manne yana K, E, N, G, J na A. Kinachopungua ni kitu kimoja tu: Kengeja ina E mbili, na kila moja ya maneno hayo ina E moja. Hiyo E ya pili ina kisa chake, itakuja mbele.

Wengi hudhani mtu anayetoa maneno kama hayo kameza kamusi. Wala. Kuna njia, na anayeijua anaweza kuitumia kwa kalamu na karatasi, au kwa simu ya mkononi yenye bando dogo.

Anza na herufi adimu

Kosa la kwanza la watu ni kuanza na herufi rahisi. E na A zimo kwenye maneno chungu nzima ya Kiingereza, kwa hiyo ukianza nazo utabaki na mlima usiopandika. Anayejua huanza na herufi inayopatikana kwa nadra. Kwa Kengeja, hiyo ni J, halafu K.

Hapa msemaji wa Kiswahili hudanganyika. Kwake J na K ni herufi za kila siku: jana, jambo, jikoni, kaka, kuku, kikoi. K ndiyo inayofungua kila kitenzi kinachotajwa kwa jina lake, kuanzia kula hadi kulala. Kwa Kiingereza mambo ni tofauti. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo wa Scrabble wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili ajue ipi inatokea sana na ipi mara chache. Matokeo yake yapo hadi leo kwenye mfuko wa vigae 100: E zimo 12, lakini J ni moja na K ni moja. J ina pointi 8, K pointi 5.

Mtu akiokota vigae vya K-E-N-G-E-J-A, basi amezichukua J na K zote za mchezo mzima. Jumla ya pointi zake ni 19. Bahati mbaya jina la mahali haliruhusiwi mezani, hata liwe tamu vipi.

Baada ya J na K, jicho linakwenda kwenye herufi zinazopenda kukaa pamoja. Ndani ya Kengeja zimo N na G. Kwa Kiingereza, N na G zikionekana kwenye neno refu, cha kwanza cha kushuku ni mkia wa "-ing". Mkia huo unakuja na I yake, ambayo Kengeja haina, lakini si hoja. Neno linaruhusiwa kuongeza herufi nyingine, mradi zilizoagizwa ziwemo.

Ukishaweka "-ing" pembeni, kilichobaki ni kidogo: J, A, K na E. Neno gani la Kiingereza lina hizo nne? "Jacket", yaani koti, neno ambalo mtoto yeyote amelisikia. "Jailbreak" pia, yaani kuvunja jela. Bandika mkia, kazi imekwisha.

Na maneno yenyewe hayako mbali na maisha. "Jailbreaking" ndilo neno linalotumika kwa kuifungua simu ya iPhone ili itoke kwenye vizuizi vya kampuni ya Apple na kukubali programu ambazo kampuni haijaziidhinisha. "Bluejacking" ni ule mchezo wa kumtumia mtu usiyemjua ujumbe kwa Bluetooth, uliovuma kabla ya WhatsApp. "Jacketing" ni neno la karakana: kulivika bomba au tangi ganda la nje la kulinda kitambaa kinachohifadhi joto. Mwanafunzi wa ufundi huenda akakutana nalo kwenye kitabu mapema kuliko kwenye mchezo wowote.

Kukata neno si kazi ngeni

Mswahili anakata maneno tangu utotoni bila kujijua. Chukua "hawakutupelekea". Hilo nalo lina herufi 15, sawasawa na "straitjacketing", na hakuna mtoto wa Pemba anayelishangaa. Ndani yake mna ha-wa-ku-tu-pelek-e-a: kukanusha, wao, wakati uliopita, sisi, mzizi, kutendea, na irabu ya mwisho. Somo la viambishi limo kwenye Kiswahili cha sekondari na hutungiwa maswali ya mtihani.

Tofauti iko kwenye mahali mzigo unapobebwa. Kitenzi cha Kiswahili hujitwisha mbele: nani, lini, kwa nani, vyote vinatangulia mzizi. Kiingereza hupakia sana nyuma: -ing, -tion, -ness, -ment, -able, -ology. Ndiyo maana anayetafuta neno refu la Kiingereza hufanya vyema kuanzia mkiani kurudi kichwani. "Uncopyrightable" linatisha likiwa zima. Likikatwa linakuwa un-copy-right-able, vipande vinne, kila kimoja kifupi. Maana yake ni kitu kisichoweza kulindwa kwa hakimiliki, na sifa yake kubwa kwa wapenda maneno ni kwamba lina herufi 15 na hakuna hata moja iliyorudiwa.

Pale sikio na kamusi zinapogombana

Hadi hapa mtu anaweza kusema haya ni mambo ya kupotezea wakati. Kwa mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza si mchezo. Sekondari ya Tanzania, Bara na Visiwani, hufundisha masomo karibu yote kwa Kiingereza, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zianze kwa lugha hiyo tangu darasa la tano. Mwanafunzi anasikia neno darasani, anarudi nyumbani, anafungua kamusi, halioni.

Halioni kwa sababu analitafuta kama alivyolisikia. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo amezoea kuliamini sikio lake. Kiingereza hakina uaminifu huo. Sauti ya F inaweza kuandikwa PH. Sauti ya K inaweza kuwa C, CH au Q. "Knee", goti, lina K isiyotamkwa kabisa. "Queue", foleni, lina herufi tano na mdomoni inatoka silabi moja tu.

Mfano mzuri ni nimonia. Anayelisikia neno hilo kwa Kiingereza atakwenda kwenye N, na kamusi itamnyima, maana linaanza na P: "pneumonia". Hapo ndipo kutafuta kwa herufi kunapookoa. Sikio lina shaka na mwanzo wa neno, lakini lina uhakika na mwisho. Basi mtu anaandika kile alicho na uhakika nacho tu, na mahali pa shaka anaweka nyota: *monia. Matokeo yatakayorudi ni machache, na "pneumonia" litakuwemo. Litakuja pamoja na "ammonia", ambalo mwanafunzi wa kemia atalihitaji siku nyingine.

Vivyo hivyo kwa neno la baiolojia linaloelezea mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kichwa chake kinasikika kama "foto", na anayetafuta kwenye F atatafuta mpaka kuche. Akiandika *thesis, "photosynthesis" litajitokeza, na akilikata atakuta photo ni mwanga na synthesis ni kuunganisha.

Aina mbili za kutafuta ambazo watu huzichanganya

Tovuti na programu za kutafuta maneno ni nyingi, na wanaozilaumu mara nyingi wameuliza swali lisilo lao.

Aina ya kwanza ni ya wacheza Scrabble. Mtu anaingiza herufi zake, programu inatunga maneno kwa herufi hizo hizo tu, kila moja mara moja. Ukiingiza Kengeja humo utapata vijineno kama "keen", "knee", "gene" na "jean". Vifupi, na si kwa kosa la programu. Herufi saba haziwezi kuzaa neno la kumi na mbili.

Aina ya pili hutafuta neno lililo na herufi ulizotaja, na nyingine zozote juu yake. Kwenye menyu za Kiingereza huandikwa "containing" au "contains". Hapa ndipo "jailbreaking" linapopatikana. Anayetaka maneno marefu aende huku moja kwa moja, kisha apange matokeo kwa urefu.

Zipo alama mbili za kukumbuka. Nyota hushika nafasi ya herufi zozote, hata kama ni nyingi au hakuna. Alama ya kuuliza hushika nafasi ya herufi moja tu. Kamusi ya mtandaoni ya OneLook inazikubali zote mbili. Ukiandika j*king utapata "joking", "jerking" na "jailbreaking", lakini "jacketing" litakukimbia, kwa sababu K yake haikai kando ya "-ing". Legeza kidogo, andika *j*k*ng, nalo litaingia, pamoja na "hijacking", utekaji, ambalo halina E na kwa hiyo linatupwa. Alama ya kuuliza ina manufaa zaidi kwenye mafumbo ya magazeti, ambako idadi ya visanduku inajulikana.

Anayechoka na matangazo ya programu hizo, au anayekaa pahala mtandao unapokata kila saa, anaweza kushusha orodha ya maneno mara moja akaimaliza shughuli. Orodha iitwayo ENABLE ina maneno zaidi ya 170,000, haina hakimiliki, na ni faili la maandishi matupu lisilofika megabaiti 2. Picha moja ya kamera ya simu huweza kula nafasi kubwa kuliko hiyo. Faili likishakaa kwenye simu, linatafutwa bila bando.

Na ukiwa nalo, mbinu ni ya kuchuja chai. Unabakisha maneno yenye J tu. Katika hayo unabakisha yenye K. Kisha G, kisha N, kisha A na E. Ukianza na E, kichujio cha kwanza kitaacha maelfu kwa maelfu. Ukianza na J, kinachobaki mkononi ni kidogo tangu mwanzo.

Q bila U: aliyesoma chuoni ana mtaji

Alfabeti ya Kiswahili haina Q wala X, na C haikai peke yake bila H. Kwa hiyo herufi hizo huwatia watu baridi. Kwa Q, kanuni ya skuli ni kwamba Kiingereza huiandamanisha na U: "question", "equator", "quality". Kanuni ni nzuri, lakini wacheza mafumbo wanaishi kwa maneno yanayoivunja.

Na hapa mtoto aliyekaa chuoni akasoma Qurani anamtangulia mtoto wa London. Maneno mengi ya Kiingereza yenye Q isiyo na U yametoka Kiarabu, na Kiswahili kilikwisha kuyachukua zamani kwa K. "Qadi" ni kadhi. "Qibla" ni kibla. "Waqf" ni wakfu. "Talaq" ni talaka. "Faqir" ni fakiri. "Niqab" ni nikabu. "Qanun" ni kanuni, ile ala yenye nyuzi nyingi inayopigwa kwenye taarab ya Zanzibar. "Qat" ni miraa. Anayekumbuka kwamba kafu ya Kiarabu huandikwa Q kwa Kiingereza hahitaji kukariri kitu. Neno refu kidogo katika kundi hili halikutoka Kiarabu bali Kizulu: "mbaqanga", muziki wa Afrika Kusini, herufi 8, na linaanza na MB kama mbuzi na mbaazi.

Kiswahili chenyewe nacho kimeingia. Orodha ya Collins, inayotumika kwenye mashindano ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza, inayakubali "askari", "ugali", "uhuru", "harambee" na "mzee". Kwa wingi, Waingereza huandika "mzees". Wazee wa Pemba hawajaulizwa.

Kwa X na Q kwa pamoja maneno ni machache: "equinox", siku ambayo mchana na usiku hulingana, "exquisite", kitu kizuri mno, na "exchequer", hazina ya serikali.

Marefu kwa ajili ya urefu

Yapo maneno ambayo watu huyatafuta kwa sifa ya herufi zake tu. "Education", elimu, lina irabu zote tano. "Facetious" na "abstemious" wanazo zote kwa mpangilio wa a-e-i-o-u, na "subcontinental" inazo kinyumenyume. "Strengths" lina herufi 9 na irabu moja, jambo ambalo ulimi wa Kiswahili haulikubali bila kuchomeka irabu mbili tatu. "Typewriter", taipureta, huandikwa kwa mstari wa juu wa kibodi peke yake; simu yoyote iliyo mkononi inatosha kulihakikisha.

Shakespeare aliliweka kwenye tamthilia yake ya Love's Labour's Lost neno "honorificabilitudinitatibus", herufi 27. Mswahili akilitazama atagundua jambo: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, toka mwanzo mpaka mwisho. Linasomeka kama Kiswahili, isipokuwa S ya mwisho tu. Ni Kilatini.

Refu kuliko yote kwenye kamusi za Oxford lina herufi 45: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi laini sana la volkano. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, kwa makusudi liwe refu. Pneumo ni ile ile ya nimonia. Daktari wa kawaida hana haja nalo.

Kupata neno na kulijua ni vitu viwili. Ushahidi mkubwa ni Nigel Richards wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa, na mwaka 2024 akafanya hivyo hivyo kwa Kihispania. Alizishika herufi, maana aliiacha. Kwenye ubao inatosha. Kwenye mtihani wa kidato cha nne mtu kama huyo angekwama swali la kwanza la ufahamu.

Mwaka huo huo wa 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Wanigeria walikuwa wamejifua kwa maneno mafupi, hasa ya herufi tano, ilhali wenzao wanakimbilia marefu yenye bonasi ya pointi 50. Sawa, kwa mchezo urefu si kila kitu. Ila "straitjacketing" lina jambo lake: ubao wa Scrabble una visanduku 15 toka ukingo hadi ukingo, na neno hilo lina herufi 15. Lingeenea bila kubakisha hata kimoja.

Na ile E ya pili? Imejificha mbele, upande ambao Mswahili hupakia mzigo. Chukua "jacketing", tanguliza kiambishi "re-", kinachomaanisha kufanya tena. Linakuwa "rejacketing", herufi 11. Wachapishaji wa vitabu hulitumia wanapokivika kitabu cha zamani jalada jipya. Si kila kamusi inaliandika, na programu nyingine zitalikataa. Lakini K imo, N imo, G imo, J imo, A imo, na E ziko mbili.